Gari Ambalo Sikulihesabu

Kaloleni, Nairobi
Jumapili, 19 Januari 2025

Kwa Kuka, babu yangu mpendwa,

Habari za Chwele? Natumai goti limetulia na yule ng'ombe mweupe ameacha kuruka ua wa jirani. Sisi huku tu salama. Mama anakusalimu na anasema uvae sweta asubuhi hata kama unajiona bado kijana. Mdogo wangu Nabiswa naye anakusalimu akiwa na mguu mmoja, maana ule mwingine ungali kwenye plasta.

Najua Mama alijaribu kukueleza habari ya mguu huo kwa simu, nawe ukamjibu kwamba mahindi yamekauka vizuri sana. Ndiyo maana naandika. Tangu masikio yako yaanze kukusumbua, naona mimi na wewe tunaelewana zaidi kwenye karatasi. Kusema kweli, hata mimi sauti yangu hunitii zaidi nikiandika.

Ilikuwa hivi. Wiki moja kabla ya Krismasi, Nabiswa alikuwa amechuchumaa mbele ya nyumba akiokota gololi. Pikapu moja ikarudi nyuma. Mwenyewe hakumwona, na mtoto wa miaka sita akichuchumaa haonekani kwenye kioo. Alimpeleka hospitali mwenyewe, akalia kuliko Nabiswa. Si mtu mbaya. Lakini si wa hapa, Kuka. Wengi wanaoegesha kwetu si wa hapa. Wanafanya kazi mjini, na huko hakuna nafasi, basi wanaacha magari kwetu asubuhi na kuyafuata jioni. Siku za mechi ndiyo hata mlango haufunguki. Jumapili nayo huja wengine, wa kanisani.

Mimi na Warigia wa nyumba ya tatu, ambaye tuko naye darasa moja, tumehesabu magari wiki nzima, asubuhi na jioni. Ni thelathini na saba. Matano tu ndiyo ya wakazi. Nimeandika ombi: kila Jumapili, kuanzia asubuhi hadi jioni, barabara yetu iwe ya miguu peke yake. Bwana Kweyu, mwenyekiti wa wakazi, amesema nilisome mkutanoni ukumbini tarehe mbili Februari. Nilimwomba Warigia alisome yeye. Akanijibu, "Umeandika wewe, utasoma wewe. Mimi nitapiga makofi."

Naomba uniandikie barabara hii ilikuwaje mlipohamia. Nataka kuweka maneno yako ndani.

Warigia aliona bahasha yako ya Krismasi, "Kwa Mama yangu Naliaka," akacheka hadi akakaa chini. Nikamweleza kwamba nina jina la mama yako mzazi, kwa hivyo kwako mimi ni mama. Kwao Wakikuyu pia majina ya wazee hurudi kwa wajukuu, basi alielewa upesi. Sasa ananiita Mama Mzee.

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha nyuma cha Pijo yako, mahali pangu pa kusomea. Mama ameanika kunde juu ya boneti. Paka amezaa tena kwenye buti, watatu.

Mjukuu wako,
Naliaka


Chwele
27 Januari 2025

Mama yangu Naliaka,

Nimeipata barua yako kwenye ofisi ya mizigo ya basi, nikaisoma palepale nimesimama, kisha nikaisoma tena nyumbani nimeketi. Goti ni lilelile. Ng'ombe ameruka tena. Sweta ninavaa, mwambie mama yako aache kunisumbua.

Pole kwa mtoto. Mwambie Nabiswa babu yake aliwahi kuangukiwa na chuma cha behewa kwenye karakana ya reli na bado anacheza dansi, goti likikubali.

Umeniuliza barabara ilikuwaje. Tulipohamia hapo na marehemu nyanya yako, kulikuwa na magari mawili tu, la mzee mmoja wa baraza la jiji na la kasisi. Jumamosi mchana tulitoa viti nje tukaviweka katikati ya barabara. Ndiyo, katikati! Aliyetaka kunyolewa alinyolewa hapo. Mama yako alijifunzia baiskeli hapo. Akaanguka mbele ya nyumba ya Kweyu, na huyo Kweyu, wakati huo kijana mwembamba, akamcheka. Mkumbushe. Wasichana walicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka giza, na mpira ukigonga sufuria ya mtu, wote walikimbia.

Magari yalikuja polepole, moja moja, kama wageni wanaosema hawatalala. Na sisi tukavirudisha viti ndani, kimoja kimoja. Hakuna aliyetuambia tuvirudishe. Andika hilo.

Sasa sikiliza. Huo mkutano usiogope. Simama wima, soma polepole. Waambie waondoe magari yote, bila kubagua! Usikubali mtu akwambie lake ni la maana kuliko la mwenzake. Akikataa mmoja, mwambie Mzee Dishon Wamalwa wa nyumba ya kumi na nne amesema, na anayebisha aje Chwele.

Kuka yako


Kaloleni
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kuka yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, kwa sababu mimi zimenipungua kidogo. Nyumbani wote wazima. Nabiswa anajikuna ndani ya plasta kwa mwiko wa Mama.

Nilisoma. Warigia alikuja akanishikia karatasi upande mmoja. Nilipofika mahali pako pa viti, wazee waliinua vichwa. Bibi mmoja akasema kwa sauti, "Kweli, nilinyolewa hapo siku ya kuolewa." Bwana Kweyu akafurahi sana, mpaka nikafika pa baiskeli, akaanza kutafuta miwani yake.

Kisha akasoma jibu la afisa wa wadi, ambaye alikuwa amempelekea ombi letu mapema. Kaunti itatupa Jumapili tatu za majaribio kuanzia tarehe mbili Machi, kwa sharti barabara iwe tupu kabisa. Wakikuta gari hata moja limesimama, ruhusa inakufa hapohapo. Nikadhani tumemaliza.

Ndipo Zedekiah akasimama. Unamkumbuka Zedekiah, mtoto wa fundi viatu. Siku hizi anaosha magari barabarani kwetu na wateja wake wengi ni hao wa mjini.

"Niaje, msomi," akasema. "Hesabu yako haijafika. Umewacha moja."

Nikamuuliza lipi.

"Si ile Pijo ya kwenu! Iko juu ya mawe tangu nikiwa na meno ya utoto. Ama siku hizi hiyo ni nyumba, mnalipa kodi?"

Ukumbi wote ulicheka, Kuka. Hata Mama alicheka, kisha akajizuia. Halafu Zedekiah akasema, bila kucheka tena, "Kama ya mzee wenu inabaki, na za wateja wangu zinabaki." Bwana Kweyu akasema ni haki. Ama yatoke yote, ama yakae yote.

Nakuapia sikuiruka makusudi. Nilipita hapo na daftari mara kumi na nne, nikahesabu la mbele yake na la nyuma yake, lakini yenyewe sikuiona. Kwangu hiyo ni chumba. Ina kunde juu na paka nyuma. Nilitaka kuwaambia hivyo, badala yake nikakunja karatasi nikaketi.

Kuka, naomba ruhusa yako tuitoe. Bila neno lako Mama hawezi kuigusa, na mimi pia siwezi.

Naomba unisamehe.

Mjukuu wako,
Naliaka


Kaloleni
Jumapili, 16 Februari 2025

Kuka,

U mzima? Karani wa ofisi ya mizigo amemwambia Mama kwamba barua ya tarehe tatu uliichukua mwenyewe siku ya soko. Tunangoja. Zimebaki wiki mbili.

Kama umekasirika, niandikie kwamba umekasirika. Hilo pia nitalisoma.

Naliaka


Chwele
18 Februari 2025

Naliaka,

Nimekasirika.

Niliposema yote, nilimaanisha ya watu.

Hujui siku ile, ulikuwa mtoto. Nilipohama, nilipakia godoro na sufuria za nyanya yako kwenye hiyo Pijo, nikavaa koti. Mtaa mzima ulitoka kunisindikiza, wakaimba. Huku Chwele ndugu zangu walikuwa wamefyeka njia mpaka mlangoni kwa sababu niliwatangazia nitaingia nikipiga honi. Nikawasha. Ikakohoa. Nikawasha tena. Wale walikuwa wanaimba, wakamaliza wimbo, wakaanza mwingine, wakamaliza na huo. Mwisho wakanyamaza. Mafundi wa reli walikuwa pale, wanafunzi wangu, wakaniangalia.

Nilikuja kwa basi, nikaingia kwangu kwa njia ya shambani.

Kwa miaka tisa huku wananiuliza gari liko wapi, nawajibu liko Nairobi. Likitoka hapo, nitawajibu nini? Wachukue magari yao. Langu liacheni nitalifuata.

Kuka yako


Kaloleni
Jumamosi, 22 Februari 2025

Kuka yangu mpendwa,

Nimesoma barua yako mara nne. Mama ameisoma mara moja, kisha akaniambia, "Wewe unamwomba kama mjukuu. Mbona humwagizi? Si yeye mwenyewe hukuita mama?"

Nilisema sitaweza. Nimelala siku mbili nikifikiria. Sasa nimevuta pumzi, na kuanzia mstari unaofuata anayeandika si mjukuu wako. Ukikasirika, mkasirikie yeye.

Dishon,

Keti chini. Sikuulizi habari ya goti, maana mama akiwa na neno hulisema kwanza.

Uliona aibu mbele ya watu, ukaiacha imesimama mlangoni kwangu miaka tisa. Nimewauliza waliokuwepo siku ile. Mama yake Warigia anakumbuka ulimwachia kikaango chako kikubwa cha chapati, na bado anakitumia. Yule bibi wa ukumbini anakumbuka ulilia. Bwana Kweyu anakumbuka koti. Hakuna hata mmoja aliyeanza na gari, Dishon, ilibidi niwakumbushe. Wanachokumbuka ni kwamba ulihama.

Nabiswa atatolewa plasta tarehe ishirini na sita. Nataka Jumapili ile atembee mbele ya nyumba bila kutazama nyuma.

Sitaki gari litolewe na wengine ukiwa mbali. Njoo ulitoe wewe. Usipokuja, Jumamosi jioni nitaenda kwa Bwana Kweyu nimwambie magari yote yabaki, na sababu nitaisema mwenyewe, mbele ya watu, na unajua ninavyoogopa kusema mbele ya watu.

Uje na sweta.

Mama yako,
Naliaka


Chwele
Jumatano, 5 Machi 2025

Mama yangu Naliaka,

Nimefika salama. Goti limevimba kidogo, lakini kwa raha.

Najua ulikuwepo na uliyaona yote. Lakini wewe uliyaona ukiwa nje ukisukuma. Mimi nataka kukueleza yalivyokuwa nikiwa ndani, kwenye usukani, kwa sababu huko ndani nilikuwa peke yangu.

Niliposhuka kwenye basi ile Ijumaa usiku, nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilipanga kuanza na huyo Zedekiah. Asubuhi natoka nje namkuta amelala chini ya Pijo yangu na jeki, ameshafunga magurudumu mawili ya kuazima, anatafuta nati ya la tatu. Akanyoosha mkono mweusi kwa grisi. "Mzee, karibu nyumbani. Hii breki uliifunga wewe? Imekataa kufunguka miaka tisa. Hiyo ni kazi ya fundi." Sasa mtu kama huyo utagombana naye vipi? Nilimshikia spana.

Mama yako alipotoa kunde, na wewe ukatoa paka na vitabu vyako, nikaona viti. Nilikuwa nimesahau rangi yake. Ndipo nikasema kiti cha nyuma kisiende na vyuma chakavu.

Nilipoingia nikafunga mlango, niliogopa. Nilikuwa nasubiri ikohoe. Kisha nikakumbuka haina kitu cha kukohoa, injini ni kutu tupu. Inasukumwa na watu. Nikaona mikono kwenye dirisha, kila upande. Nikamwona Kweyu kwenye kioo, mzee mzima, amekunja uso kama anazaa. Nabiswa alikuwa mbele akinionyesha njia, anachechemea kurudi nyuma kama trafiki. Nikamwona Warigia akikupigia kelele, "Sukuma, Mama Mzee, acha kulia!" Nawe ulikuwa unasukuma na kulia.

Wakaanza kuimba. Ni wimbo uleule, Naliaka. Sijui nani aliukumbuka. Nyinyi mlidhani nilipiga honi ile kwa sababu Zedekiah aliniunganishia betri yake na kunihimiza. Niliipiga kwa sababu wimbo ulikuwa unakaribia kwisha, na mara hii gari lilikuwa linatembea.

Tuliizungusha barabara yote, kisha tukaipeleka kwa mafundi wa vyuma. Sikutaka kutazama wakiikata, na nakushukuru kwa kunishika mkono tukaondoka.

Sasa nikueleze usilolijua. Ulidhani ule mfuko niliobeba ni wa mikate. Ilikuwa honi. Zedekiah alinifungulia kimyakimya. Jumatatu niliposhuka Chwele, nilimwambia kijana wa bodaboda aiunganishe kwenye betri ya pikipiki yake. Akacheka, akaunganisha. Nimeingia kwangu kwa njia kubwa, koti mwilini, nikipiga honi ya Pijo kuanzia sokoni mpaka mlangoni. Ng'ombe aliruka ua. Ndugu zangu walitoka wote. "Gari liko wapi?" Nikawaambia, "Limebaki Nairobi, watu wamelikalia."

Na hilo si uongo.

Kuka yako


Kaloleni
Jumapili, 9 Machi 2025

Kuka yangu mpendwa,

Tumecheka hadi Mama akashika ukuta. Habari ya goti tumeisikia, na ya ng'ombe pia. Sisi ni wazima kabisa. Nabiswa hachechemei tena, isipokuwa akitumwa dukani.

Leo ilikuwa Jumapili ya pili, nikaona nikuandikie kabla sijasahau, maana ile ya kwanza, kama ulivyoona, kila mtu alishinda ndani kwa uchovu wa kusukuma. Asubuhi Bwana Kweyu aliweka mapipa mawili mwanzoni mwa barabara na kamba katikati. Hadi saa nne hakuna aliyejua la kufanya. Watu walisimama milangoni kama wageni. Halafu mama yake Warigia akatoa kiti cha plastiki. Akakiweka ukingoni. Akakitazama. Akakisogeza katikati kabisa, akaketi, akaanza kuchambua mchele. Baada ya nusu saa nilihesabu viti ishirini na sita. Safari hii sikuruka hata kimoja.

Wasichana wamecheza kati mpaka mpira ukagonga sufuria ya mtu, na wote wakakimbia. Warigia amejifunza baiskeli na ameanguka mbele ya nyumba ya Bwana Kweyu. Bwana Kweyu hakucheka. Alitazama pembeni.

Zedekiah amehamisha magari ya wateja wake nyuma ya ukumbi, na Jumapili anafua mazulia barabarani. Sabuni ikimwagika watoto wanateleza juu yake, naye anawafukuza kwa maneno ambayo siwezi kukuandikia. Nilimwambia ahsante kwa ile honi. Akasema, "Honi gani? Mimi sijui honi, msomi."

Mchana gari moja lilisogea hadi kwenye kamba likapiga honi. Mabibi wawili waliotoka kanisani walikuwa wameketi kwenye kiti chako cha nyuma, ambacho Zedekiah amekipigia miguu ya mbao na kukiweka chini ya dirisha letu. Mmoja akamwambia dereva, "Baba, zunguka kule. Hapa tumefika." Akazunguka.

Afisa wa wadi alikuja saa tisa na faili. Alipewa chapati iliyopikwa kwenye kikaango chako. Hakusema ndiyo wala la kuhusu miezi ijayo, lakini alifungua kifungo cha shati na kuuliza kama kuna nyingine.

Jambo moja tu. Nimepoteza mahali pangu pa kusomea. Kiti kile sasa kina watu kila saa. Leo nilibanwa katikati ya mabibi na kitabu changu, nimeinama nisionekane. Nabiswa akauliza kinasema nini. Nikamsomea kidogo kwa sauti ya chini. Mwingine akasema hasikii. Nikapandisha. Nilipoinua macho walikuwa kumi na moja, wamekaa kwenye lami, na mmoja alikuwa na povu la Zedekiah hadi masikioni. Nikasoma mpaka mwisho wa sura. Sauti haikutetemeka, au labda ilitetemeka na hakuna aliyejali.

Kuka, kuna neno linanichoma bado. Nilikuita Dishon. Hata Mama hathubutu. Nimekuwa nikitaka kukuomba msamaha tangu uje, nikashindwa kusema ukiwa mbele yangu. Nisamehe. Sitarudia.

Mjukuu wako,
Naliaka


Chwele
14 Machi 2025

Mama yangu Naliaka,

Mvua imeanza, tunapanda kesho, kwa hivyo leo naandika machache.

Usiombe msamaha. Aliyeniita jina hilo peke yake, bila Mzee mbele na bila Baba, alikufa mwaka wa themanini na tatu. Masikio yangu hayasikii tena simu wala jogoo, lakini jina lile nililisikia kwenye karatasi, nikaketi chini kama ulivyoagiza. Nilikuwa na kiti karibu, lakini niliketi chini, mlangoni, mahali nilipokuwa nikikaa nikiwa mdogo. Majirani wakauliza kama ninaumwa. Nikawaambia naitwa na mama.

Kwa hivyo, ukiwa na la kuniagiza, niagize. Mengine niandikie kama mjukuu, lakini mara moja moja niite.

Sweta nimevaa.

Mwanao,
Dishon